Kasi ya "hadi" haimfai mtu wa Ntimaru

Lugha ya biashara ina ufundi wake, na asiyeipima kwa makini hununua maneno akidhani amenunua bidhaa. Ndivyo yalivyo matangazo ya intaneti ya modemu. Kampuni huahidi kasi ya "hadi" megabiti kadha kwa sekunde. Mnunuzi naye huishika tarakimu na kulisahau neno dogo lililoitangulia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na maneno madogo ndiyo kazi yangu. Katika Kiswahili, "hadi" huhitaji mwenziwe: kutoka saa mbili hadi saa sita, kutoka Kehancha hadi Ntimaru. Mwanzo ukifichwa, ukatajwa mwisho peke yake, kauli haiwi ya uongo, lakini haina ahadi yoyote ndani yake. Hata sifuri imo katika "hadi".

Kuna na utata wa vipimo. Kasi hutajwa kwa megabiti, ilhali vifurushi na faili huhesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Faili ya megabaiti 25, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua sekunde 20. Kasi ikiwa nusu megabiti, faili hiyo hiyo huchukua sekunde 400, yaani karibu dakika saba, iwapo mtandao hautakatika.

Haya si mambo ya anasa. Mwalimu wa Ntimaru, sawa na mwenzake wa Nairobi, hutakiwa kupeleka alama za wanafunzi wake katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Mkulima hutafuta huduma za serikali kupitia eCitizen, na kijana huomba mkopo wa masomo kwa njia iyo hiyo. Serikali ikishahamishia ofisi zake mtandaoni, mtandao hafifu huwa ni mlango uliofungwa.

Tena, kupeleka ni kugumu kuliko kupokea. Mnara huweza kutoa nguvu ya wati makumi, lakini modemu hutoa takriban sehemu moja ya tano ya wati. Ndiyo sababu mtu huweza kusoma habari bila taabu, kisha akakwama anapotuma faili. Fauka ya hayo, mnara hugawia wote waliounganishwa nao. Kasi ya alfajiri si kasi ya saa mbili usiku, watu wanaporejea nyumbani.

Nilipokuwa Ntimaru likizoni, niliona modemu iliyowekwa juu ya kabati chini ya paa la bati ikihangaika, na ilipohamishiwa dirishani upande wa mnara ikapata nafuu. Bati huzuia mawimbi. Basi hatua ya kwanza haina gharama: iweke modemu juu, karibu na dirisha, na ujaribu pande zote. Ya pili ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya modemu na kutazama nguvu ya mawimbi. Kipimo cha hasi 80 ni kizuri, cha hasi 110 ni dhaifu. Ya tatu, kwa modemu yenye tundu la antena, ni kufunga antena ya nje juu ya paa kwa waya mfupi, kwani waya mrefu hula mawimbi yale yale uliyoyatafuta. Kwa kuwa Tanzania iko jirani, hakikisha pia modemu haijanasa mnara wa ng'ambo ya mpaka, usije ukatozwa gharama za ugenini.

Hata hivyo, mwananchi hawezi kupanda juu ya paa kuitengeneza huduma aliyokwisha kuilipia. Antena haiongezi minara, wala haipanui njia inayouunganisha mnara na nchi nzima. Kampuni zilizopewa leseni huchangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kisheria kwa ajili ya sehemu zilizosahaulika. Mamlaka ya Mawasiliano haina budi kupima kasi Ntimaru kwenyewe, mchana na usiku, kupokea na kupeleka, na kuyatangaza matokeo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kuifaidi huduma kikamilifu. Naona haki hiyo haitimizwi na neno "hadi". Kila tangazo liseme kasi ya chini ni ipi, kasi ya kawaida ni ipi, na ni katika eneo gani. Liseme hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa maandishi yasiyohitaji miwani. Ahadi ni deni, walinena wahenga. Lakini deni lisilotajwa kiasi chake, mdai atalidaije?