Karakana: 998 kwa 998

Waliokosa mkutano wa mwezi uliopita watauliza kwanza habari za kutu, kwa hiyo tuanze na kutu.

Kutu imekwisha. Au tuseme kutu tuliyoiona imekwisha, maana Mini ni gari linalojua kuficha aibu zake. Vizingiti vya chini ya milango, vyote viwili, vimekatwa na kuchomelewa bati jipya. Sakafu ya upande wa dereva imepata kiraka cha ukubwa wa sinia la pilau. Fremu ya nyuma, ile inayobeba magurudumu mawili ya nyuma, haikuwa na dawa: ukiigonga kwa nyundo inamwaga unga wa kahawia kama mdalasini. Mwenye Mini yoyote ya umri huu atakwambia ndivyo zilivyo, kwa sababu maji na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hujikusanya humo na kukaa. Tumenunua nyingine. Kama mlikuwa mnajiuliza fedha za sambusa za Oktoba zimekwenda wapi, zimekwenda huko.

Kwa wanachama wapya: gari letu ni Mini 1000 ya mwaka 1976, mali ya marehemu babu wa mwenzetu mmoja. Babu alilinunua likiwa limekwisha tumika, likampeleka zamu ya usiku kwa miaka mingi, kisha likalala bandani tangu 1998. Bibi ametukabidhi kwa sharti moja tu, kwamba siku ya harusi ya mjukuu wake mwezi wa Agosti naye apelekwe ndani ya gari hilo. Hakusema liwe na injini gani. Hapo ndipo ugomvi ulipoingilia.

Lakini kwanza tulisifu gari lenyewe, maana kuna wanachama wanaopita pale gereji na kuliita mkweche. Mini ilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959, nayo ni mtoto wa shida: vita vya Suez vya 1956 vilileta uhaba wa petroli hapa Uingereza, na kampuni ikataka gari dogo lisilokunywa sana. Mhandisi Alec Issigonis akapewa kazi. Gari zima lina urefu wa mita 3 na kidogo, na magurudumu yake ya inchi 10 mtu huyabeba mawili kwa mkono mmoja. Ili watu wanne wapate pa kukaa, Issigonis aliilaza injini kwa upana wa gari badala ya kuielekeza mbele, na giaboksi akaiweka chini ya injini, vyote viwili vikitumia oili moja. Badala ya springi za chuma aliweka vipande vya mpira vilivyobuniwa na rafiki yake Alex Moulton. Ziliundwa zaidi ya milioni 5, na ya mwisho ya aina hii ya zamani ilitoka kiwanda cha Longbridge mwezi wa Oktoba mwaka 2000.

Kasoro anazo pia, bwana yule. Distributa aliiweka mbele kabisa, nyuma tu ya wavu wa kuingiza hewa, ili kila tone la mvua lifike moja kwa moja kwenye umeme wa plagi. Gari la nchi ya mvua, likipata mvua linaanza kupiga misi! Bibi anakumbuka Babu akiivisha distributa glavu ya mpira ya jikoni, waya umepitishwa kila kidole. Tulidhani ni hadithi ya Babu peke yake, kumbe wenye Mini wengi walifanya hivyo hivyo.

Sasa injini. Mjomba, ambaye alijifunza ufundi Tanga kabla ya kuja huku, alitusimamia tulipoishusha. Walimu wetu, hapa kuna faida ya lugha. Mafundi wa nyumbani wakisema "kushusha injini" wana maana ya kuitoa na kuifungua yote ili itengenezwe upya, hata kama injini yenyewe inatolewa kwa kunyanyuliwa juu. Kwenye Mini neno linatimia hivi hivi: injini, giaboksi na miguu ya mbele vyote vimekaa juu ya fremu moja iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Ukifungua bolti na ukanyanyua bodi, vyote vinabaki chini. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Tulichokikuta ndani si kibaya. Ringi zimechoka, beringi zina mikwaruzo, gasketi ya hedi imeungua pembeni. Silinda zinaokoleka. Mjomba amekadiria pauni 600 kwa spea, na mikono yetu bure.

Wakati huohuo mwenzetu mmoja akaleta habari ya pikipiki iliyogongwa, Yamaha R1 ya 1998, fremu imepinda lakini injini ni nzima. Muuzaji anataka pauni 900 na anatusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Klabu ina pauni 1,150. Hesabu ni nyepesi: haziwezi kufanyika zote mbili.

Kwa nini mtu atamani kutia injini ya pikipiki ndani ya Mini? Tazameni ukubwa. Injini ya Babu ni sentimita za ujazo 998. Injini ya R1 ya mwaka ule ni 998. Zote zina silinda nne. Ila ya Babu inatoa nguvu za farasi zipatazo 40, na ya pikipiki inatoa 150. Petroli na hewa vinaingia katika nafasi ileile. Tofauti iko kwenye mwendo na pumzi. Injini ya Babu inafika kilele chake kwenye mizunguko kama 5,000 kwa dakika, ile ya pikipiki kwenye 10,000, kwa hiyo katika dakika ileile inachoma mara nyingi zaidi. Na ili iweze kuvuta pumzi kwa kasi hiyo ina valvu tano kwa kila silinda na kabureta nne, wakati ya Babu ina valvu mbili kwa silinda na kabureta moja kwa zote.

Wapo mafundi hapa Uingereza waliokwisha kuifanya kazi hii kwenye Mini, kwa hiyo si ndoto ya watoto wa chuo. Tulipomweleza Mjomba hakucheka. Aliendelea kupangusa mikono, kisha akatuuliza: "Pikipiki ikifika kwenye kona inalala. Hilo gari lenu nalo litalala?"

Ilituchukua jioni nzima kulielewa swali lake. Pikipiki ikilala kwenye kona, oili iliyo chini ya injini inabaki imetulia, kwa sababu uzito unaisukuma kuelekea chini ya injini vilevile. Gari halilali. Likikata kona oili yote inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi zinazozunguka mara 10,000 kwa dakika zinabaki kavu. Sekunde chache zinatosha kuiua injini. Dawa ipo, ni kutengeneza upya sampu na kuiwekea kuta ndani za kuizuia oili isikimbie, lakini dawa hiyo nayo ina bei.

Halafu klachi. Ile klachi iliundwa kusukuma pikipiki isiyofika kilo 200 na mtu mmoja juu. Mini ni kilo mia sita na kitu, bado hamjamweka Bibi na mashangazi. Halafu breki: Mini za miaka ile zina breki za dramu mbele na nyuma, zinazotosha farasi 40 wanaokwenda kazini, si farasi 150. Halafu rivasi. Pikipiki haina rivasi! Bajaji, ambayo ni ndugu yake, inayo. R1 haina, na sheria inataka gari liweze kurudi nyuma. Wengine hufunga mota ya umeme kwa kazi hiyo, wengine giaboksi ndogo ya pembeni.

Na sheria haiishii hapo. Gari likipita miaka 40 bila kubadilishwa sana linasamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Ukilitia injini ya aina nyingine kabisa msamaha huo unaondoka. Hilo si baya, tunapenda likaguliwe. Lililokuwa zito zaidi ni hesabu ya pointi, iliyotumika mpaka mwaka 2025. Bodi ya asili ilikuwa na pointi 5, giaboksi 2, injini 1, na kadhalika, na gari lilihitaji pointi 8 ili libaki na namba yake. Ukiikata bodi ili kupata nafasi, zile 5 ziliweza kwenda zote kwa mara moja, na gari likapewa namba ya herufi Q kama gari lisilojulikana kwao. Bibi anaijua namba ile kwa moyo kuliko namba ya simu yake.

Kwa hiyo bodi haikatwi. Hilo tumekubaliana wote. Mpango ni huu: tutengeneze fremu ya pili ya mbele kwa ajili ya injini ya pikipiki, na ile ya Babu ibaki kama ilivyo na injini yake juu, ili moja ikitoka nyingine iweze kuingia kwa bolti zilezile. Tumekwisha kuunda injini ya maboksi kwa vipimo vya R1 na kuiweka mahali pake. Kwa upana inaingia. Kwa urefu inaingia, boneti inafunga. Zinazokataa ni kabureta, zinazotazama nyuma na kugusa ukuta ulio mbele ya dereva. Mjomba anasema tuiinamishe injini mbele kidogo. Hapo tena tunarudi kwenye oili.

Sisi tunaoandika safu hii tuko watatu. Wawili wanasema pauni 600 ziende kwenye injini ya Babu sasa, harusi ipite, na R1 nyingine itapatikana, maana pikipiki hazitaacha kugongwa. Mmoja anasema nafasi kama hii haiji mara mbili kwa pauni 900, na kwamba Babu mwenyewe, aliyevisha injini glavu, angekuwa wa kwanza kushika spana. Bibi alipoulizwa alijibu: "Wajukuu zangu, mimi nataka kusikia ile sauti yake tu." Kila upande umelichukua jibu hilo kuwa kura yake, lakini kwa maoni yetu wawili, neno "ile" halina utata wowote.

Kura itapigwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, palepale gereji. Shirikini mje na glavu, kwa sababu kabla ya kura fremu ya nyuma itapakwa rangi ya kuzuia kutu na inahitaji mikono sita. Tunatafuta pia mtu anayejua kusoma mchoro wa nyaya. Chai ipo, vikombe, kila mtu aje na chake.