GOTI BANDIA LISITIBIWE KWA KUBAHATISHA

Kuwekewa goti bandia si tena habari ya ng'ambo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, huufanya upasuaji huo hapa hapa nchini, na wazee waliokuwa wakijikokota kwa mikongojo wamerudi kutembea. Hili ni jambo la kujivunia.

Hata hivyo, kila neema ina dhima yake. Katika kila magoti 100 yanayobadilishwa, aghalabu moja au mawili huingiwa na vijidudu. Vijidudu hivyo hujishikiza kwenye chuma na plastiki, vikajifunika utando ambao dawa hupata taabu kuupenya. Mgonjwa anayenunua vidonge dukani huona nafuu ya siku chache akadhani amepona, kumbe maradhi yanaendelea kuula mfupa. Tena vidonge hivyo huweza kuvificha vijidudu wakati maji ya goti yanapopimwa, daktari asijue anapambana na adui gani.

Njia ya tiba inajulikana. Maradhi yakigunduliwa mapema, goti huweza kufunguliwa, likasafishwa na kubadilishwa kipande cha plastiki tu. Yakikawia, aghalabu goti lote bandia halina budi kung'olewa. Mwaka 1983, Dakta John Insall wa New York na wenzake walieleza upasuaji wa awamu mbili: goti hung'olewa, mgonjwa akapewa dawa kwa wiki sita, kisha akawekewa jingine. Siku hizi, katika muda huo wa kungoja, pengo hujazwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa.

Gharama ya kupasuliwa mara mbili haiwezi kubebwa na mkulima peke yake. Kwa hiyo, wanaopanga mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 hawana budi kuuhesabu upasuaji wa marudio pamoja na ule wa kwanza. Kumwekea mtu goti, kisha kumwacha nalo likiharibika, ni kazi nusu.

Nanyi ndugu wananchi mliowekewa goti bandia, likivimba, likipata joto au mshono ukitoa usaha, rudini siku hiyo hiyo kwa daktari aliyewapasua. Msipitie dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa mfupa wako mwenyewe.