Jina la Mnyonge Lisichafuliwe Daftarini

Tajiri akienda kukopa huonyesha hati ya nyumba. Mvuja jasho huonyesha jina lake, kwa kuwa hana dhamana nyingine. Basi anayeandika kwa makosa kwamba fulani hakulipa deni amemnyang'anya mnyonge mali yake ya pekee, hata kama hakukusudia.

Tuchukue mfano wa mama muuza dagaa wa Igoma, mjini Mwanza. Alikopa, akalipa hadi shilingi ya mwisho. Sasa aomba mkopo mwingine ili anunue mzigo Mwaloni Kirumba, naye aambiwa: "Wewe una deni." Deni gani? Karani hana jibu. Amesoma tu yaliyoandikwa.

Yameandikwa wapi? Kwa Kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ina daftari kuu la wakopaji, liitwalo kanzidata, ambamo mabenki hupeleka habari za mikopo ya wateja wao. Makampuni yenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, huwapa wakopeshaji taarifa za mwombaji.

Daftari hilo si adui yetu. Humzuia laghai kukopa huku na huko na kutokomea na akiba za wengine. Lakini waandikao ni binadamu. Deni lililolipwa huweza kuachwa bila kufutwa. Akina Masanja ni wengi, na deni la mmoja huweza kumwangukia mwingine. Tena liko lililo baya zaidi: mfanyakazi hukatwa mshahara kila mwezi, na mwajiri akachelewa kupeleka makato benki. Mkosaji ni mwajiri, bali aandikwaye mdaiwa sugu ni mfanyakazi!

Twawaambia ndugu zetu: manung'uniko ya barazani hayafuti kosa. Kila mkopaji ana haki ya kuiona taarifa yake na kuyapinga yasiyo kweli. Iombe taarifa hiyo. Ilinganishe na stakabadhi zako na hati za mshahara. Mwandikie mkopeshaji, na kampuni iliyotoa taarifa, ukitaja kosa na kuambatanisha nakala za ushahidi. Zile za asili zibaki kwako. Wakinyamaza, peleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi hapo hapo Mwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa mtu haki ya kudai kwamba habari zake zisahihishwe.

Hatumtetei mwenye kukopa akakataa kulipa. Deni la kweli halifutwi kwa barua, wala kwa fedha wanazotozwa watu na wale wajigambao kusafisha majina. Dawa ya deni ni kulipa.

Lakini kwa wakopeshaji na waajiri twasema wazi: mlivyo wepesi kuandika deni, muwe wepesi vile vile kulifuta. Vyama vya wafanyakazi viwaulize waajiri makato yamefika wapi. Mabalozi wa mashina wawasaidie wasioweza kuandika barua, maana wengi huachia haki yao kwa kukosa mtu wa kuwashikia kalamu.

Chama kinaamini kwamba binadamu wote ni sawa. Basi daftari la madeni limheshimu muuza dagaa wa Igoma kama linavyomheshimu mwenye ghorofa.