Udongo wa fedha: pete ya Mama ilikatika, na kosa lilikuwa langu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu, seva na Linux. Leo nivumilieni kidogo, maana nataka kuzungumzia kitu ambacho kimekula pesa zangu na wikendi zangu kwa miaka miwili sasa: udongo wa fedha. Fedha ninayosema ni ile madini, si ile ya M-Pesa :-)

Kwa asiyeujua, huu ni unga laini sana wa fedha safi uliokandwa kwa maji na gundi inayotokana na mimea. Ukiushika ni kama donge la unga wa chapati. Unausukuma, unaukata, unauchora, unauacha ukauke, unaupiga msasa, kisha unautia motoni. Gundi inaungua na kutoweka, chembe za fedha zinashikamana, nawe unabaki na fedha tupu mkononi. Ulibuniwa Japani na kampuni ya Mitsubishi Materials mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni nyingine ya huko huko, Aida, ikaleta wa kwake unaoitwa Art Clay. Mwaka 2008 Mmarekani Bill Struve akatoa udongo wa bronzi.

Matangazo mengi ya udongo huu yanasema mtu yeyote anaweza kuwa sonara kwa alasiri moja. Mimi nasema hivi: kuufinyanga kweli ni kazi ya alasiri moja. Kuuivisha ni kazi nyingine kabisa, na anayeuza pambo ambalo halikuiva anamwibia mteja, hata kama mwenyewe hajui.

Nayajua haya kwa sababu niliyemwibia ni mama yangu.

Pete ya Mama

Mama alipoteza pete yake ya ndoa shambani. Nikajitolea kumtengenezea nyingine. Pakiti ya udongo iliniambia kwamba naweza kuuchoma kwa nyuzi 650 kwa nusu saa, au kwa mwali wa gesi mpaka pete iwake rangi ya chungwa kwa dakika chache. Sikuwa na tanuri, nikatumia gesi. Pete ikatoka nyeupe kama chokaa, nikaisugua kwa brashi ya waya, ikang'aa. Mama akafurahi, akaenda kuwaonyesha wenzake kanisani.

Baada ya miezi mitatu akanipigia simu. Alikuwa anakamua nguo, pete ikakatika vipande viwili. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama ni vibaya kuvifunga vipande kwenye leso na kuviweka.

Niliviomba, nikavipeleka kwa mfua fedha mmoja Mji wa Kale, Mombasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Akatazama pale palipokatika kwa kioo cha kukuzia, akanipa na mimi nitazame. "Hii haikuiva. Ona, ndani ni kama sukari."

Alikuwa sahihi. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 961. Udongo huu huivishwa chini ya hapo, kwa hiyo chembe haziyeyuki. Zinagusana, na pale zinapogusana zinaungana polepole. Joto likiwa dogo au muda ukiwa mfupi, vinabaki vitundu vingi katikati yake, na pete nyembamba itakatikia hapo. Mafundi wazoefu huchoma fedha safi kwa nyuzi 900 kwa saa mbili, hata kama pakiti inaruhusu kidogo zaidi. Ni sawa na programu inayoandikwa kwamba inahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya kiasi fulani "kwa uchache". Itafunguka, ndiyo. Kufanya kazi nayo ni habari nyingine.

Mbinu za juu ziko wapi?

Watu wakisikia mbinu za juu hufikiria nakshi za ajabu. Mimi naona nyingi ziko kwenye hesabu na kwenye moto. Hizi ndizo zilizonifunza:

1. Hesabu ya kusinyaa. Udongo ukiiva hupungua ukubwa. Aina ya kwanza kabisa ya Mitsubishi ilipungua kama asilimia 28, zilizofuata asilimia 10 hadi 15. Hapa ndipo mwandishi wa programu mzima nilipofanya kosa la darasa la saba. Tuseme unataka pete ya kipenyo cha milimita 18, na udongo unasinyaa asilimia 20. Ukizidisha 18 kwa 1.2 unapata 21.6. Sasa punguza asilimia 20 ya hiyo: unabaki na 17.28, na pete haipiti kwenye kifundo cha kidole. Kinachotakiwa ni kugawanya: 18 kwa 0.8, yaani 22.5. Kadiri asilimia inavyopanda ndivyo kosa linavyokua. Mafundi wengine huweka ndani ya pete kidonge cha plasta isiyoogopa moto, pete isinyae mpaka hapo na kusimama. Hata hivyo piga hesabu kwanza.

2. Kipande cha majaribio. Kila unapochoma, weka kando ya pambo kipande chembamba cha udongo ule ule. Kikipoa, kikunje. Kikikunjika bila kupasuka, umeivisha. Kikikatika, pambo lako nalo halijaiva, hata liwe zuri namna gani. Kazini siwezi kutoa programu kwa mteja bila kuijaribu. Kwa nini niliona sawa kumpa Mama pete ambayo sikuijaribu?

3. Vitu vyenye uwazi ndani. Hapa udongo huu unawashinda wote. Unaweza kuzungushia udongo kwenye umbo la unga wa koki, koki ikaungua humo humo tanurini, ukabaki na kidani chepesi chenye tumbo tupu. Acha tundu la hewa na upandishe joto taratibu, maana moshi lazima upate pa kutokea.

4. Mawe. Zirkonia ya kutengenezwa huvumilia moto, unaweza kuipachika kabla ya kuchoma. Lulu, kaharabu na opali zitaharibika. Tanzanaiti nayo haipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Tengeneza kikalio chake kwanza, choma, kisha pachika jiwe pambo likiwa limepoa. Na pambo lenye jiwe usilitumbukize majini likiwa la moto.

5. Fedha ya 925. Hii ina shaba asilimia 7.5, na shaba ikikutana na hewa kwenye moto inachafuka. Kwa hiyo huchomwa mara mbili: kwanza wazi ili gundi iondoke, kisha ikiwa imezikwa ndani ya makaa ambayo hula hewa yote. Makaa hayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, lakini si yale ya jikoni. Yametayarishwa kiwandani yawe na vitundu vingi. Wengine huchanganya nusu udongo wa 925 na nusu wa fedha safi. Wastani unakuwa 962, pambo linakuwa gumu kuliko fedha safi, na wengi huuchoma mchanganyiko huo bila makaa.

Je, masonara wana haki kutucheka?

Nusu wana haki. Udongo huu kwa uzito una bei kubwa kuliko fedha yenyewe. Kama unataka pete ya kawaida isiyo na nakshi, ya kuvaliwa kila siku na mtu anayelima, anayefua na anayeosha sufuria, nunua waya wa fedha au mpelekee fundi aufue. Fedha iliyofuliwa haina vile vitundu. Kutumia udongo hapo ni kuchagua zana kwa sababu ni mpya, ugonjwa ambao sisi wa kompyuta tunaujua vizuri sana.

Nusu nyingine wanakosea. Alama ya jani halisi, kidani chenye uwazi, umbo ambalo kwa nyundo lingechukua wiki nzima: hapo udongo ni zana halali, na anayeuivisha vizuri ni fundi kama fundi mwingine. Ninachodai ni kitu kimoja tu. Mwambie mnunuzi pambo limetengenezwaje na limechomwa vipi. Kama ulilichoma kwa gesi dakika chache, liwe herini au kidani, lisiwe pete.

Na pete ya Mama? Yule mzee aliviyeyusha vile vipande viwili mbele yangu, akaongeza fedha nyingine na shaba kidogo ili ipate ugumu, akafua pete mpya. Mimi nilishika koleo tu. Mama anaivaa hadi leo, na anafulia nguo nayo. Zamu yangu ilikuwa kidani chenye uwazi ndani, nyuzi 900, saa mbili, kwenye tanuri la kuazima. Kipande cha majaribio kilikunjika bila kupasuka. Nimekitundika juu ya meza yangu ya kazi, kile kipande, si kidani. Kidani anacho Mama.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna sonara humu anayeona nimekosea, aniambie bila huruma.