Elimu ya juu ni deni, si zawadi

Katika mjadala wa fedha za elimu ya juu kuna hoja inayozidi kupata wasemaji: kwamba shahada humnufaisha mwenye nayo, hivyo ajilipie mwenyewe, na kodi ya wananchi iishie kwenye shule za msingi na sekondari. Wanaoitoa hoja hiyo hawakosi ufasaha, na wengi wao hawakosi shahada. Tunawauliza jambo moja tu: shahada hizo zililipiwa kwa fedha za nani?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, hakikuwa hata na jengo lake. Kilihifadhiwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kwa miaka mingi iliyofuata, kijana aliyechaguliwa kwenda Mlimani hakuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Serikali ilimlipia masomo, chakula na malazi. Na Serikali haina shamba: fedha hizo zilitokana na pamba, kahawa na mkonge, yaani jasho la watu ambao wengi wao hawakuwahi kuliona lango la chuo.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Leo baadhi ya walioshibishwa wamerudi mikono mitupu, wakiwa na ushauri kwamba kijiji kisimlishe mtu mwingine tena!

Husemwa pia kuwa ni dhuluma kwa mkulima wa Kasulu, anayelipa kodi kila anunuapo sabuni na bati, kumsomesha mtoto wa mkurugenzi wa Masaki. Hilo ni kweli tupu. Lakini kufuta mikopo hakuiondoi dhuluma hiyo, bali huikamilisha. Mtoto wa mkurugenzi atasoma tu, hata ng'ambo. Atakayebaki nyumbani na cheti chake cha kidato cha sita ni mtoto wa Kasulu, ilhali baba yake ataendelea kununua sabuni na bati kwa bei ile ile. Dawa ya dhuluma ni kuchuja waombaji kwa haki, mwenye uwezo ajilipie na asiye nao abebwe. Siyo kuwafungia mlango wote kwa kisingizio cha kumwonea huruma mkulima.

Tena, faida ya shahada haiishi mfukoni mwa mwenye nayo. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Madarasa yamefurika. Nani atawafundisha watoto hao hesabu na fizikia, kama si vijana wanaotoka vyuoni? Anayetaka shule bila kutaka walimu anataka majengo tu.

Hata hivyo, aliyekopeshwa na umma hana budi kurejesha. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili fedha anazorejesha aliyetangulia zimsomeshe anayefuata. Mwaka 2016 makato yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, nao watumishi wakapata nafuu. Lakini mzigo bado umeelemea upande mmoja. Mwalimu wa sekondari hukatwa kabla hajauona mshahara wake. Hana pa kujificha. Mwenzake waliyeketi naye darasa moja, ambaye sasa ana ofisi yake mjini na magari mawili, naye amefungwa na sheria hiyo hiyo, ila hakuna karatasi ya mshahara ya kumkamata. Huyo ndiye kupe wa mfuko huu, naye ndiye anayewapa maadui wa elimu ya umma silaha ya kusema kwamba mikopo ni fedha zilizotupwa.

Wajibu wa watumishi na walimu ni kuukataa uongo huo, na wana haki ya kusikilizwa kwa sababu wao wanalipa. Wadai kodi iendelee kusomesha, wadai mchujo wa haki, na wadai deni lifuatwe ofisini na dukani kwa ukali ule ule linavyofuatwa kwenye mshahara wa mwalimu. Kijiji kilichowalisha bado kina njaa.