Mtindi, nyongo na lehemu ya damu

Baadhi ya akina mama wametuuliza kuhusu vidonge vya bakteria wenye manufaa, viitwavyo probiotiki, ambavyo huuzwa kwa bei isiyo ndogo: je, ni kweli hupunguza lehemu, yaani kolesteroli? Naam, hupunguza, ila kwa kiasi kidogo kuliko wasemavyo wauzaji.

Mtaalamu wa Kimarekani, George Mann, alistaajabu kuona kwamba Wamaasai, ambao chakula chao kikuu kilikuwa maziwa na nyama, walikuwa na lehemu ndogo katika damu. Mwaka 1974 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanaume wa Kimaasai walinywa maziwa ya mgando kwa wingi. Ingetarajiwa lehemu ipande, kumbe ilishuka. Waliopimwa walikuwa wachache, basi tusilifanye jambo hilo kuwa hoja ya mwisho. Hata hivyo, watafiti waliofuata waliendelea kuichunguza sababu yake.

Sababu moja waliyoiona imo katika nyongo. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia lehemu. Nyongo humiminika utumboni, husaidia kumeng'enya mafuta, kisha sehemu yake kubwa hufyonzwa na kurejea kwenye ini ili itumike tena. Subhanallah, hakuna kinachotupwa bure! Sasa baadhi ya bakteria wa jamii ya Lactobacillus huvunja chumvi za nyongo, nazo zikishavunjwa hazifyonzwi kwa wepesi, bali hutoka pamoja na choo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na lehemu ya kazi hiyo huichota katika damu.

Si kila bakteria ana uwezo huo, na nguvu yao haifikii ile ya dawa za statini. Kwa hiyo mzee aliyeandikiwa dawa na daktari asiziache kwa sababu ya kidonge alichouziwa dukani. Jambo hili tunalisisitiza, kwani lehemu haiumi wala haiwashi. Mtu hujiona mzima hadi siku moyo au ubongo unapokosa damu.

Kwa mwenye afya ya kawaida, mtindi wa nyumbani unatosha. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika hadi yagande. Ukiuchemsha mtindi wenyewe, bakteria hufa. Ukiujaza sukari, umeongeza tatizo jingine.

Ama anayependelea vidonge, asome kwanza maandishi ya kopo. Maganda ya vidonge vingi hutengenezwa kwa jelatini, ambayo yaweza kutoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Yapo maganda yatokanayo na mimea. Ikiwa asili haikutajwa, muulize mfamasia kabla ya kulipa.