Festo Aliona Aibu, Sisi Je?



Wapendwa Taifa la Mungu, kila Ijumaa ya juma la saba la Pasaka Mama Kanisa hutusomea habari za Mtume Paulo akiwa kifungoni Kaisaria (Mdo 25:13-21). Jumuiya moja ya kijijini ilipokuwa ikiitafakari sehemu hiyo, mama mmoja mtu mzima aliinua mkono akauliza: "Padre, huyu Paulo alifungwa kwa kosa gani?" Nilianza kumjibu, nikajikuta sina neno. Nilipoyafungua tena Maandiko nyumbani, niligundua kwamba swali la mama yule ndilo swali la sura nzima. Hata waliomshikilia Paulo hawakuwa na jibu.

Liwali Feliki alimwacha Paulo kifungoni miaka miwili kwa sababu alitaka kuwapendeza watu, na Mwinjili Luka anatudokeza kwamba alitumaini pia kupewa fedha (Mdo 24:26-27). Baada yake akaja Festo. Naye alipotakiwa kumpeleka mfungwa huyo kwa Kaisari alikwama, akakiri mbele ya mfalme Agripa kwamba kwake si jambo la busara kumpeleka mtu amefungwa bila kuonyesha anashtakiwa kwa nini (Mdo 25:27). Tazameni, huyu ni mpagani, mtumishi wa dola ile ile iliyomsulubisha Bwana wetu. Mungu wa kweli hakumjua. Hata hivyo aliona aibu kumshikilia mtu ambaye kosa lake haliandikiki. Juma hili napenda tuitafakari aibu hiyo, maana naiona ikipungua duniani, na hata miongoni mwetu.

Nianze na Mtanzania mwenzetu. Suleiman Abdallah Salim ni mzaliwa wa Zanzibar, mtu wa bahari na biashara ndogondogo. Mwezi Machi 2003 alikamatwa Mogadishu, Somalia, wakati wa ile iliyoitwa vita dhidi ya ugaidi, akakabidhiwa kwa Wamarekani. Alisafirishwa hadi Afghanistan na kutiwa katika gereza la siri la Shirika la Ujasusi la Marekani, mahali pa giza totoro, akifungwa minyororo huku muziki ukipigwa kwa sauti kubwa usiku na mchana. Baadaye alihamishiwa gereza la kijeshi la Bagram. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Agosti 2008, baada ya miaka mitano na zaidi, aliachiliwa akiwa na karatasi iliyoeleza kwamba hakuwa tishio kwa majeshi ya Marekani. Fikirini, wapendwa: miaka mitano, na jibu lake ni karatasi moja! Mwaka 2014 jina lake lilionekana katika ripoti ya Baraza la Seneti la Marekani miongoni mwa watu 39 waliofanyiwa mbinu zile za kikatili. Mwaka 2015 yeye na wenzake waliwafungulia kesi wanasaikolojia wawili waliozibuni mbinu hizo, na Agosti 2017 kesi ikamalizika kwa makubaliano.

Wengi hudhani kwamba vita vikianza sheria hulala. Sivyo. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unakubali kwamba askari aliyetekwa aweza kuzuiliwa bila mashtaka mpaka mapigano yakome, kwa kuwa kupigana kwake peke yake si jinai. Lakini jina lake huandikishwa, huruhusiwa kuwaandikia barua watu wa nyumbani, na wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu humtembelea. Pakiwapo shaka kama kweli ni askari, baraza lenye mamlaka ndilo huamua. Raia anayezuiliwa kwa ajili ya usalama analindwa na Mkataba wa Nne, na shauri lake hupaswa kuangaliwa upya mara kwa mara. Tena Kifungu cha 3, kinachopatikana katika Mikataba yote minne, kinakataza mateso na kinakataza hukumu isiyotolewa na mahakama halali. Kwa maneno mengine, sheria haikumwacha mtu yeyote nje ya nyumba. Kila aliyekamatwa ana chumba chake, na kila chumba kina mlango.

Marekani ilipofungua kizuizi cha Guantánamo mnamo Januari 2002, ilidai kwamba waliomo hawakustahili hadhi ya mateka wa vita, wala haikuwapeleka mbele ya mahakama za kawaida. Hivyo kikajengwa chumba kisicho na mlango. Wanaume wapatao 780 walipitia humo, na wengi wao hawakupata kushtakiwa kamwe. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo ililazimika kuutoboa ukuta kidogo kidogo. Mwaka 2004 ilisema wafungwa hao waweza kufikisha malalamiko yao mahakamani. Mwaka 2006 ilisema Kifungu cha 3 cha Geneva kinawahusu. Na Juni 2008, katika shauri la Boumediene, ilitamka kwamba Katiba inawapa haki ya kumtaka jaji achunguze sababu za kufungwa kwao. Pamoja na hayo, Mkenya Mohammed Abdul Malik Bajabu, aliyekamatwa Mombasa Februari 2007, alirudishwa Kenya Desemba 2024 tu. Miaka karibu kumi na minane ilipita, naye hakuwahi kusomewa shtaka. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekuwa mtu mzima.

Najua wapo watakaoniambia: "Padre, unawatetea magaidi." Nalisikia neno hilo, wala silidharau. Tarehe 7 Agosti 1998 watu 11 waliuawa Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi katika milipuko ya balozi za Marekani. Sisi Wakatoliki tuna makaburi yetu pia. Padre Evarist Mushi alipigwa risasi Zanzibar Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, akienda kuadhimisha Misa. Tarehe 5 Mei mwaka huo huo bomu lilirushwa Olasiti, Arusha, siku ya kuzinduliwa kwa parokia, na waamini watatu wakapoteza maisha. Machozi hayo ni yetu. Asiyeyajua maumivu hayo asitufundishe haki.

Lakini hebu tumtazame Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyetuhumiwa kwa mlipuko ule wa Dar es Salaam. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akapelekwa Guantánamo mwaka 2006. Mwaka 2009 alihamishiwa mahakama ya kiraia ya New York. Huko jaji alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa kuwa shahidi huyo alijulikana kutokana na maneno yaliyotolewa na mshtakiwa kwa kushurutishwa. Novemba 2010 Ghailani aliachiwa katika mashtaka zaidi ya 280, akatiwa hatiani kwa moja, na Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha. Tujifunze hapa mambo mawili. Kwanza, mahakama ya wazi, yenye wakili na ushahidi, iliweza kumwadhibu mwenye hatia. Pili, mateso hayakuisaidia haki, yaliinyang'anya shahidi. Gereza lisilo na jaji lilimweka ndani mtu asiye na shtaka kwa miaka mitano, na mahakama yenye jaji ilimfunga mwenye hatia kwa maisha yake yote. Ni ipi basi kati ya hizo mbili iliyotulinda?

Kwa hiyo, mtu anapodai kwamba mtuhumiwa aelezwe kosa lake na afikishwe mbele ya jaji, hamwombei huruma mkosaji. Anaomba ukweli ujulikane. Kumshikilia mtu bila shtaka ni kumwadhibu kabla ya kumjua, na huku mkosaji halisi huenda anatembea sokoni. Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake swali hilo hilo: je, torati yetu humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? (Yn 7:51). Hawakumjibu. Walimdhihaki.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wamarekani peke yao. Mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, nchi yetu ilitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomwezesha Rais kuamuru mtu azuiliwe bila kufikishwa mahakamani. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliitaja kati ya sheria 40 kandamizi. Na ninyi wazee wa Shinyanga mnakumbuka zaidi ya hapo. Mwaka 1976, katika mikoa hii ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwasaka watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Nia ilikuwa njema, maana vikongwe walikuwa wakiuawa, na damu yao ilimlilia Mungu. Lakini watuhumiwa waliteswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Mwaka 1977 marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Yeye mwenyewe hakumpiga mtu, lakini aliona aibu kwa niaba ya wizara yake. Hiyo ndiyo aibu ya Festo, nami naiheshimu.

Hapa wilayani kwetu tunayo mifano ya karibu zaidi. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 4.3, bila kukubali dhima ya kisheria, kufuatia madai ya watu 71 kuhusu vifo, majeraha na unyanyasaji katika mgodi wa Mwadui. Wengi walituhumiwa kuingia mgodini kutafuta mawe kinyume cha sheria. Kuingia huko kulikuwa na mahakama yake. Risasi na kipigo si mahakama. Na sisi wanavijiji, tangu sungusungu walipoanza mapema miaka ya 1980, ni mara ngapi tumepiga yowe, tukamfunga mtu kamba, kisha ndipo tukaanza kuuliza amefanya nini? Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni anahukumiwa na jirani zake kabla jua halijachwa.

Niungame pia langu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi wakituhumiwa kwa ugaidi, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka. Wao walisomewa mashtaka, lakini hukumu haikufika. Katika miaka yote hiyo mimi sikuwataja hata mara moja katika sala ya waamini. Nilijiambia kwamba hayo ni ya wenzetu Waislamu. Sikutakiwa kujua kama wana hatia. Nilitakiwa kuomba wasikilizwe upesi. Nilinyamaza, na naomba radhi kwa Mungu na kwenu.

Kanisa lenyewe limetutangulia katika toba hii. Katekisimu inakiri (n. 2298) kwamba zamani wachungaji wake walinyamazia ukatili wa serikali, hata wakatumia mateso katika mahakama zao. Leo Kanisa linafundisha kinyume: Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 uliuweka ufungaji wa kionevu na mateso kati ya mambo ya aibu yanayomvunjia Muumba heshima (Gaudium et Spes, n. 27), na Katekisimu inaagiza wafungwa wa vita watendewe kwa utu (n. 2313). Bwana wetu naye, alipojitambulisha na mfungwa (Mt 25:36), hakuweka sharti kwamba mfungwa huyo awe hana hatia.

Tufanye nini basi? Kwanza, tujue haki zetu. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, nayo inakataza mateso. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu asikamatwe ila kwa kufuata sheria. Anayekamatwa apaswa kuambiwa sababu na kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo. Pili, mtu wa jumuiya akikamatwa, viongozi wasikimbie kwa hofu au aibu. Waende kituoni kwa heshima wakaulize, kwa maana mtu anayeulizwa habari zake hapotei kirahisi. Tatu, WAWATA na vijana wanaopeleka sabuni na chakula kwa wafungwa wasiwasahau mahabusu, ambao baadhi yao hawana ndugu anayejua walipo. Nne, tunapomwombea aliyefiwa na aliyeumizwa, tumwombee pia mtuhumiwa, awe Mkristo au asiwe Mkristo, asikilizwe.

Na yowe likipigwa usiku kijijini, mmoja wenu asimame katikati ya watu aulize kama alivyouliza mama yule: huyu amefungwa kwa kosa gani? Pasipokuwa na jibu, mfungueni kamba mkamkabidhi kwa wenye mamlaka akiwa hai.

Nawatakia juma lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu,
Kishapu